Sahani ya Amani Kule Ogwedhi

Majirani zangu wa Magunga, mmeniuliza sana nilifuata nini Ogwedhi. Nilikwenda kutafsiri. Kuna mradi mmoja, jina lake refu kuliko kazi yake, unaowarudisha makwao vijana waliopigana mpakani kwa ajili ya ng'ombe. Walitaka mtu wa Dholuo na Kiswahili. Mimi mwalimu mstaafu, niliyechoka kuangalia kuku, nikajiona nimekumbukwa.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka nyumbani, na saa tatu gari la mradi likanichukua Homa Bay. Ndani alikuwamo mratibu, bwana mdogo wa Nairobi, kavaa buti za kupandia milima. Mlima upi, sikuuliza.

Kutoka Rongo hadi Awendo alinifundisha amani. Kumbe amani ina hatua saba, na ya saba inaitwa Sahani ya Amani. Maadui wawili wanakaa mbele ya wageni walioalikwa na mradi, wanakula ugali kwa sahani moja. Aliyekula anapewa barua ya kurudi kwao, na bila barua hiyo chifu hampokei. Asiyekula anabaki kambini miezi mitatu mingine, afundishwe upya.

"Nchi nyingine tulifanya hivi na ikafaulu," akasema. "Ama hapa kuna mila ya kutusumbua?"

Nikacheka kisomi. "Hizo mambo ziliisha zamani," nikamwambia. Akanisifu kuwa mtu wa kisasa, na mimi mzee mzima nikafurahi. Lishikeni neno hilo, maana ndilo lililoniumbua.

Uriri tulipinda kushoto tukaiacha lami, na saa sita tukafika Ogwedhi. Kambi yenyewe ni uwanja wa kanisa wenye hema moja na mlinzi mmoja. Vijana walikuwa wamevishwa fulana nyeupe zilizoandikwa NIMEBADILIKA kifuani. Mtu anaacha silaha, anavishwa tangazo.

Nikiwa nanawa, kijana mmoja wa miaka thelathini hivi alinisogelea. Aliitwa Otieno. Alikuwa amepeleka bunduki yake kwa chifu kwa miguu yake mwenyewe, bila kukamatwa.

"Japuonj," akaniita, yaani mwalimu, "mimi niko na damu ya mtu. Niliua. Sijafanyiwa kitu bado."

Nje ya uzio alisimama mama yake, Min Otieno, kajifunga leso mbili. "Mbuzi iko tayari," akasema. "Dawa nimechemsha. Ambia wao waniachie yeye leo tu, nimalize."

Mnajua alichokuwa akisema. Babu yangu aliporudi vitani hakupita langoni. Walitoboa ua upande wa nyuma akaingilia huko. Siku nne hakugusa chakula kwa mkono wake, bibi ndiye aliyemlisha, mpaka akanyweshwa manyasi, ile mitishamba ya kumtakasa aliyemwaga damu. Mkono wa damu ukishika ugali, unawalisha damu wote walio kwenye sahani. Hadithi hiyo nimekua nayo. Nikamwambia mama nitaona la kufanya, nikaenda kukaa kwenye kiti cha wageni.

Saa nane sahani ikaletwa. Otieno akakalishwa mkabala na Lemein, kijana wa upande waliopigana nao. Lemein akamega, akala. Otieno akaikalia mikono yake. Wageni wakangoja na simu zao juu.

"Mwalimu," mratibu akaninong'oneza, "huyu anakataa nini?"

Ningesema maneno matatu tu. Lakini garini nilikuwa nimeshasema mila ziliisha, na kujirudi mbele ya bwana mdogo kulinishinda.

"Ni ukaidi tu," nikasema.

Otieno alinisikia. Akaniangalia.

Min Otieno hakumngoja mlinzi. Alipita, akapiga magoti penye sahani, akamega tonge upande wa mwanawe, akamtia mdomoni. Lemein akaacha kula, akamsogezea sahani. "Mama, lisha yeye," akasema. "Mimi nangoja."

Basi mkitaka kujua amani ilionekana lini Ogwedhi, ni hapo, na ilidumu matonge sita. Mratibu hakuipiga picha. Alikuwa ameinamia fomu.

"Hapa inauliza kama amekula kwa mkono wake mwenyewe," akasema, akinipa fomu na kalamu. "Weka Hapana."

Nikaweka Hapana, kwa mwandiko wangu mzuri ule mnaoujua.

Lemein alipewa barua, akaikunja bila kungoja makofi. Otieno akarudishwa hemani.

"Japuonj, wewe ni wa wapi?" Min Otieno akaniuliza.

"Magunga, mama."

"Magunga watu hawana mama?"

Nikageuka, nikaelekea garini.

Saa kumi tulianza kurudi. Si mbali na kambi, dereva akanionyesha boma la kina Otieno. Ua ulikuwa umetobolewa upande wa nyuma, matawi yamewekwa kando vizuri, na mbuzi amefungwa karibu na tundu. Mratibu alikuwa amelala, buti zake hazina hata vumbi.

Homa Bay aliamka, akanipa cheti: Mjenzi wa Amani.

Nilichojifunza ni hiki. Njia nzima nilimcheka mratibu moyoni, lakini yeye alikuwa hajui. Mimi nilijua. Nimemwandikia barua kueleza mila ile na kukiri uongo wangu, na hajajibu. Cheti kipo kwangu, njooni mkione. Otieno yuko kambini bado, na kule kwao ua haujazibwa.