Hamna Kitu

Mama aliposhuka kwenye basi la kutoka Iringa, nilijua kuna jambo. Hakuwa mtu wa kuacha shamba lake Kalenga msimu wa palizi eti aje Mbeya kunisalimia. Alikaa siku tatu akinifulia nguo zilizokuwa safi, ndipo akanishika mkono na kuuweka kwenye ziwa lake la kushoto. Palikuwa na uvimbe mdogo kama njegere, ukiteleza chini ya kidole. Nilimfokea kwa kuficha. Mimi nikiogopa, hufoka.

Hospitali waliutoa, wakaupeleka mbali kupimwa, tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri wiki baada ya wiki. Kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha nilimbadilishia bandeji, naye aligeukia ukutani kwa aibu, kama vile si mimi niliyelinyonya ziwa hilohilo.

Majibu yalipofika, daktari alitabasamu. "Mama, hamna kitu. Nenda kalime."

Nusura nimkumbatie daktari. Mama alishukuru kwa sauti ndogo, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Nyumbani akafungua furushi lake, akatoa kitenge alichonunuliwa na baba kabla hajafariki, ambacho hata kukigusa tulikatazwa, akaniwekea mapajani.

"Chukua. Jembe jipya mpe mdogo wako. Na msigombane."

Hasira zikanipanda. "Mama, hukumsikia daktari?"

"Nimemsikia. Hamna kitu." Akashusha pumzi. "Hata bwana mifugo alimpapasa ng'ombe wetu tumbo, akasema, hapa hamna kitu. Kesho yake tukamchuna."

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikalia. Nikamweleza polepole, kwa Kihehe chetu, kwamba uvimbe ule haukuwa wa kuua, umeshatoka, na yeye ni mzima. Alinitazama mdomo kama mtoto anayefundishwa kusoma. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu, na ningerudia hadi jioni, jinsi nilivyompenda.

Kisha akakitwaa kitenge mapajani pangu, akakikunja, akakirudisha kwenye furushi.

"Hiki bado, mwanangu."

"Na jembe?" nikamuuliza.

"Jembe gani tena? Kesho naondoka. Shamba limejaa majani."