Ramani ya Majivu

Wakati wa vita nilichora kwenye kompyuta ramani ya maternite, nyumba ya kuzalia, ya kujengwa Beu, mjini Beni. Ndani niliweka chumba cha siri, wamama na vichanga vyao wakimbilie humo risasi zikianza. Kila nilipoituma kwa masista walionipa kazi hiyo, kule Butembo, roho haikutulia: nani ameifungua njiani? Nilikuwa nimesoma kuhusu ufunguo wa kwantiki, unaolinda habari kwa mwanga. Mtu akiuchungulia tu, unabadilika, na wenyewe mnajua. Sisi hatukuwa nao. Nilibadilisha neno la siri kila asubuhi, kama mwendawazimu.

Siku ya kuanza kazi nilikuta fundi amekwisha kuichora ramani yote chini kwa majivu, ukubwa wa nyumba yenyewe, kama tunavyofanya kwetu kabla ya kuchimba msingi. Wamama waliotoka sokoni walitembea humo, wakipita milangoni ili wasikanyage kuta. Mmoja alikuwa ameketi katika chumba changu cha siri.

“Kumbe ni hapa njo tutajificha!” akaniambia kwa furaha.

Nilitaka kufoka. Barabarani alisimama mtu mwenye bunduki, akituangalia. Aliangalia sana, na majivu hayakubadilika hata kidogo.