Picha ya Mdudu Mweusi

Bibi shamba hapigi picha kabla hajapiga magoti. Hufuta lenzi aliyoibandika kwenye simu, hubana pumzi, kisha humnong'oneza mdudu kama anayembembeleza mtoto: "Tulia, baba, tulia." Asubuhi hiyo mwenye shamba alishavaa bomba la dawa mgongoni, hasira zimempanda.

"Mama, hawa weusi wenye miiba wananimalizia kunde!"

Bibi shamba akapiga picha, akaikuza kwa vidole, akaikuza tena, ghafla akaruka. "Njoo uone mdomoni!" Mdudu mweusi alikuwa amemng'ata kidukari, yule mfyonza majani, miguu ikining'inia nje. "Kaka, ulitaka kuwaua askari wako mwenyewe!"

Mwenye shamba akakodoa macho, akaangua kicheko, akalitua bomba polepole, asije akawashtua.