Lipa Usonge

Ukimwita Verna Unruh mpishi, utajibiwa vizuri tu, na chakula utapewa, ila atakukumbuka. Kupika anapika. Nyama yake ya nguruwe na mchuzi mweupe imewarudisha kwenye kikosi vijana ambao mshahara peke yake usingewarudisha. Lakini Verna ni dereva. Lori namba mbili ni lake tangu marehemu Orville, mumewe, alipomkabidhi funguo na kusema, "Mimi nakata, wewe peleka." Amepeleka ngano ya watu kutoka Texas hadi mpaka wa Kanada, kiangazi baada ya kiangazi, na gia za lori lile hazijawahi kulia mikononi mwake. Hata mimi niliyewahi kuzililisha nasema hivyo.

Sisi ni watu wa Kansas, wa kanisa la Kimennonite, na kazi yetu ni kuvunia wengine. Ngano huiva kuanzia kusini ikipanda kaskazini, nasi twaifuata na kombaini zetu na malori na majiko. Ngano haimsubiri mtu. Ndiyo maana kikosini tuna msemo ambao Delmar, mdogo wake Orville na bosi wetu sasa, huutoa kila askari anapomwandikia dereva wetu kosa katika jimbo la watu: "Lipa usonge." Unatia pesa kwenye bahasha, unasaini, unaendelea na safari. Nani atarudi nyuma majimbo matatu kubishana na hakimu asiyemjua? Halafu isitoshe, wazee wetu walitufundisha kwamba Mkristo hakimbilii mahakamani.

Kiangazi cha mwaka juzi, kule Oklahoma, Verna aliandikiwa kwa kumfuata Delmar kwa karibu mno kwenye msafara. Alilipa akasonga, tena kwa moyo mweupe, maana kweli alikuwa amembana shemejiye kama kupe.

Mwaka jana ikawa zamu ya Nebraska, nje ya mji mdogo uitwao Dry Fork. Verna alikuwa anatoka ghalani na lori tupu, akaitwa na Delmar kwenye redio ya upepo, akachukua kipaza sauti kilichoning'inia darini, akajibu: "Namba mbili nakuja, pilipili mliyoniongezea kwenye maharage yangu haijaniua bado." Pembeni mwa barabara alikuwapo askari kijana, jina lake Hruska. Taa zikawaka.

"Mama, ulikuwa unaongea na simu huku unaendesha," alisema, kofia mkononi. Adabu alikuwa nayo, tusimwonee.

"Simu yangu iko kwenye mfuko wa chakula, mwanangu, chini ya mkate. Hiyo ilikuwa redio."

"Nimeona kitu cheusi mdomoni, mama."

"Redio ni nyeusi."

"Na simu ni nyeusi." Akaandika. "Unaweza kulipa kwa posta. Au uje mahakamani mwezi wa nane."

Mwezi wa nane sisi tuko Montana. Kila mtu anajua hivyo, na nadhani hata askari alijua.

Jioni ile mezani Delmar hakuinua hata macho kwenye sahani. "Lipa usonge, shemeji."

"Karatasi inasema nikilipa nimekiri kosa."

"Si maneno tu hayo?"

"Yana nafasi ya kusaini chini yake, Delmar. Nisaini nimefanya nisichofanya?"

Delmar akatafuna polepole. Vijana wakaona kikombe cha chai ya barafu kina mambo mengi ya kutazamwa.

Asubuhi Verna akampigia simu wakili wa pale pale Dry Fork, mwanamke anayeitwa Lorraine Kucera, mwenye sauti kavu na mbwa aliyebweka mazungumzo yote. Lorraine hakumbembeleza. Akamwambia: usifikiri kosa la Nebraska litabaki Nebraska, majimbo yanapelekeana habari, litakufuata hadi nyumbani. Ukikaa kimya usije wala usilipe, Kansas watakuzuilia leseni. Ungekuwa na leseni ya kawaida tungekuombea darasa la udereva mwema, kosa likafutika. Lakini leseni ya magari makubwa sheria hairuhusu kufichiwa kitu. Na kwa dereva wa lori, simu mkononi ni kosa zito. Je, unalo jingine?

"Oklahoma. Kufuata kwa karibu."

Mbwa akabweka. "Hilo nalo zito, mama. Mawili ndani ya miaka mitatu, leseni inasimamishwa miezi miwili."

Verna alikaa kwenye ngazi ya lori akaanza kuhesabu. Miezi miwili ni Nebraska, Dakota na Montana zote. Mwenye leseni kubwa asiye na kazi hatukuwa naye, Delmar akipanda lori kombaini yake inasimama, na kikosi chenye lori lililosimama ni kikosi kinachotafutiwa mbadala. Na yeye mwenyewe, mjane wa Orville, angekuwa nani? Mpishi. Anasema alilia kidogo, kisha akajifuta kwa kitambaa cha kupimia mafuta, na ndiyo maana alirudi kambini na shavu jeusi.

"Naweza kusimama mahakamani kwa niaba yako," Lorraine aliendelea, "nikazungumza na mwendesha mashtaka, huenda akakubali kosa dogo zaidi lisilo zito. Huna haja ya kuja."

"Kosa dogo lipi?"

"Lolote litakalopatikana."

"Kwa hiyo nisaini uongo mdogo badala ya mkubwa."

Wakili akacheka kwa mara ya kwanza. "Basi kana shitaka. Lakini ukikana uje mwenyewe, maana aliyeshika hicho kitu ni wewe, na mimi siwezi kusimulia ya mkono wako."

Mwezi wa nane ukafika. Montana ilikuwa kavu, ngano imesimama inalia yenyewe, na magharibi mawingu ya mvua ya mawe yanajikusanya kila mchana. Verna akamwambia Delmar anaondoka na pikapu.

"Leo? Mawe yakilaza shamba la watu, nitamwambia nini mwenye ngano?"

"Mwambie Verna ameitwa."

"Sisi hatuendi mahakamani! Baba alinyang'anywa ng'ombe mchana kweupe na hakumshtaki mtu!"

"Simshtaki mtu, shemeji. Nimeshtakiwa mimi." Akapanda pikapu. Delmar alipiga teke gurudumu, akaumia kidole, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipokwenda mbali.

Mahakama ya Dry Fork iko juu ya duka la pembejeo, na inanuka mbolea. Hakimu alikuwa mzee mwenye kola iliyomzidi. Karani akamwambia Verna ainue mkono aape.

"Mimi siapi," Verna akasema.

Askari Hruska akageuka kumtazama.

"Kwetu hatuapi, mheshimiwa. Ndiyo yangu ni ndiyo, siyo yangu ni siyo. Kama ningehitaji kiapo ili niseme kweli, basi siku nyingine zote ningekuwa mwongo."

"Sheria inakuruhusu kuthibitisha bila kuapa," hakimu akasema. "Thibitisha."

Akathibitisha. Akaeleza redio, pilipili, maharage, mkate juu ya simu. Mtu mmoja nyuma akakohoa kuficha kicheko. Kisha Lorraine akamgeukia askari.

"Kile kitu cheusi, alikitoa wapi?"

Kijana akafikiri. Alikuwa amekuja na jibu tayari, unaona kabisa, na jibu lile sasa halikumkaa vizuri mdomoni. "Sikuona alikokitoa."

"Alipomaliza alikiweka wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu, karibu na dari. Mkono ulipanda." Akamtazama Verna, akatazama kofia yake. "Mheshimiwa, sijawahi kuona mtu akiweka simu darini."

Mwendesha mashtaka akalifunga faili lake mwenyewe. Hakimu akasema shitaka limefutwa, halafu akauliza, si kama hakimu, eti hayo maharage yanapikwaje. Verna akamwambia. Kule chini, mbele ya duka, Hruska alimfungulia mlango wa pikapu na kusema, "Nisamehe, mama." Verna akamwambia, "Umesema kweli, mwanangu, na ilikuwa inakugharimu. Mama yako amelea." Kijana akawa mwekundu hadi masikioni.

Njia nzima ya kurudi aliendesha kichwa juu. Sisemi alijivuna; kwetu kujivuna ni dhambi. Lakini aliimba nyimbo za kanisani sauti zote nne peke yake, na kila gari lililopishana naye alilisalimia kwa kidole kimoja juu ya usukani kama kawaida yetu, na baadhi akayapa viwili.

Mawe hayakuwa yamenyesha. Alipokaribia mashamba, redio ya pikapu ikaanza kukwaruza, zikaja sauti zetu: nani amejaa ngano, nani ana kiu. Akachukua kipaza sauti.

"Namba mbili nimerudi. Leseni ninayo."

Tulipiga honi, kombaini na malori yote, hadi kulungu wakakimbia korongoni. Delmar peke yake hakupiga. Alikuwa kwenye lori la Verna, maana hapakuwa na mwingine wa kuliendesha.

"Shemeji," akasema mwishowe, na kikosi kizima kinasikia, kwa kuwa redio yetu haina siri. "Jana wameniandikia."

"Wamekuandikia nini?"

"Mwendo. Na hili lori lako! Hili lisiloweza kumkimbiza kuku!"

"Usiliseme vibaya lori langu. Ulikimbia?"

"Sikukimbia."

"Ndiyo yako ni ndiyo?"

"Siyo yangu ni siyo, Verna! Nimekwambia sikukimbia!"

Kombaini moja ikasimama, ikafuata nyingine. Hakuna aliyetaka injini imkoseshe jibu.

"Basi umefanyaje?" Verna akauliza.

Redio ikakwaruza kidogo. Tulikuwa tunamwona Delmar kwa mbali, mkono wake umeinuliwa hadi darini, kichwa kimeinama.

"Sijalipa," akasema. "Huyo wakili wako anafika Montana?"

"Hafiki. Tafuta wa huku huku," Verna akamjibu. "Halafu shuka kwenye lori langu."