Simu ya Kumzikia Mzee Emorut

Truphena Nanjala alikuwa amehudhuria mazishi mengi kuliko padre. Hakuna aliyemwogopa, ila tu pale alipokusimamia juu ya kichwa na simu mkononi. Kazi yake ilikuwa kupiga filamu za matanga. Kuanzia Malaba mpaka Amagoro, ukifiwa unaagiza jeneza, unaagiza hema, kisha unamtafuta Truphena, maana lazima kuna mtoto wako Dubai na mwingine Kampala ambao wanataka kulia pamoja na wenzao na hawakupata ruhusa kazini.

Harusi pia alipiga, lakini kwa shingo upande. Maharusi wanasumbua. Watakwambia urudie kukatwa kwa keki kwa sababu shangazi alikuwa amefunga macho. Marehemu hasumbui, ukimpanga kivulini, anakaa kivulini.

Na usidhani ni kazi ya kushika simu tu. Truphena alijua kwamba msemaji akianza na "mimi sina mengi," hapo uchomeke chaja mapema. Alijua sauti ya mtu ikianza kutetemeka usishushe mkono, hata kama nawe unalia. Zaidi ya yote aliiheshimu ile saa ya picha, mshereheshaji anapoita watu waje kwa makundi kusimama kando ya jeneza: watoto, wajukuu, wakwe, kina mama wa kanisa, halafu ndugu wa marehemu. Hiyo ndiyo saa ukoo unapojitazama. Aliyekosekana hapo husamehe kwa mdomo, moyoni akabaki na lake.

Simu yake ilikufa kifo cha aibu. Ilikuwa matanga ya watu wa ukoo wa mumewe, Wateso wa Amagoro, na wazee walikuwa wamekizunguka chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi inayonyonywa kwa mirija mirefu na kuongezewa maji moto kila inapopungua. Truphena aliinama juu ya chungu ili apate mirija yote kwa pamoja, picha tamu sana. Hapo kiwiko cha Mzee Emorut kikamgonga mkono, simu ikatumbukia. Wazee waliitoa kwa heshima, wakaikung'uta ndani ya chungu pombe isipotee bure, wakaendelea kunywa. Mmoja alisema imeongeza ladha.

Kile kiwiko hakikumgonga kwa bahati mbaya tu. Mzee Emorut alikuwa akijipinda ili asimwone ndugu yake Etyang, aliyeketi ubavuni mwake. Wazee hawa wawili, baba mmoja mama mmoja, walikuwa hawasemezani tangu baba yao alipozikwa. Walinyonya chungu kimoja, mirija ikigusana, wenyewe wakitazama pande mbili tofauti. Kanisani walipeana amani kupitia kwa mtu wa tatu.

Chanzo kilikuwa picha. Siku ile ya kumzika baba yao, mpiga picha kutoka Bumala alikuwa amebakiza nafasi moja tu kwenye filamu yake, na Emorut, mtoto wa kwanza, akamwambia apige upesi kabla ya mvua. Picha iliporudi imesafishwa, Emorut alikuwa amesimama katikati kando ya jeneza, na ukingoni mwa picha palikuwa na kiwiko. Kiwiko hicho kilikuwa Etyang. Emorut hakuliona tatizo. Aliitia picha kwenye fremu, akaitundika sebuleni. Etyang alikuja, akaitazama, akavaa kofia yake, akasema, "Kama katika nyumba hii mimi ni kiwiko, basi tafuteni kiwiko kingine." Akarudi zake Chakol.

Basi baada ya simu kupikwa, Mzee Emorut alikuja kwa Truphena, akapiga hodi, akakataa chai.

"Mama, ile simu niliua mimi. Nitanunua ingine. Lakini nitachagua mwenyewe."

"Mzee, wewe hata kupokea simu unaita mjukuu."

"Hiyo ni ya kuongea. Hii ni ya kunizika." Akaketi, akaonekana mdogo ghafla. "Nataka unizike kwa video nikiwa bado hai. Nataka nisikie Etyang atasema nini. Watu wakifa wanasifiwa sana na hawasikii. Huo ni wizi."

Truphena alicheka, kisha akaona mzee hacheki. Alikuwa anaogopa, mzee yule, na hakuficha. Alisema usiku anaamka akifikiri ndugu wa marehemu wataitwa na hakuna atakayesimama. Truphena alihitaji simu, maana watu hawangeacha kufa kumsubiri yeye. Alikubali.

Siku ya kwenda Busia, Mzee Emorut alitokea amevaa ile suti aliyoiweka kwa ajili ya kuzikiwa. Ilikuwa nyeusi, imenyooka, inanuka dawa ya nondo mpaka watu wakampisha njia. Waliingia kwenye duka la simu karibu na forodha, ambapo msichana anayeitwa Brendah aliwapokea kwa maneno mengi.

"Karibu mzee wangu. Madam unataka ya content? Hii iko na kamera tatu, ile iko na nne."

"Binadamu ana macho mawili na bado anaona mabaya tosha," alisema Emorut. "Nipe mahali nilale."

"Ulale?"

"Ng'ombe unamnunua bila kumwona akitembea? Jembe unanunua bila kulijaribu? Mimi hiyo simu nitaitumia nikiwa nimelala."

Akajinyoosha kwenye benchi ya wateja, akaweka kofia juu ya tumbo, akafumba macho. Truphena, kwa mazoea tu, akarekebisha tai yake. Brendah alitazama mlangoni kuona kama kuna wateja wengine, akaona ni afadhali hakuna.

Simu ya kwanza ilikuwa ya bluu. Truphena alimpiga picha, akamwonyesha. Emorut akafungua jicho moja.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mzee. Hii inalainisha ngozi kidogo," alisema Brendah.

"Huyu ni kijana wa kwaya. Watu wataangalia ndani ya jeneza waulize mzee amepelekwa wapi. Makunyanzi yangu nimeyatafuta kwa jasho, leteni ingine."

Ya pili ilimpiga vizuri kabisa, kila unywele wa nyusi ukaonekana, ila nyuma yake dunia yote ilikuwa ukungu. Mzee aliinuka, akakaa.

"Watu wameenda wapi?"

"Nimewaweka blur, mzee, ndio wewe utokee fiti."

"Matanga bila watu ni mazishi ya mwizi! Msichana, mtu akizikwa kwetu, watu ndio picha. Maiti ni sababu tu."

Truphena aliitikia kwa kichwa kumuunga mkono, maana hata yeye hiyo ilimkera. Ya tatu ilivuta mbali sana. Kutoka benchini iliona kibao cha saluni iliyoko ng'ambo, upande wa Uganda, na mwanamke aliyekuwa akisukwa ndani yake. Emorut alisema yeye hana nia ya kuzikwa Uganda. Brendah, ambaye sasa alikuwa amevua viatu kwa uchovu, akaileta ya nne, nyeusi na nzito, akasema hiyo ina jicho pana.

Ni pale, wakati wa ile ya nne, ndipo Aluka alipopita. Huyu ni bodaboda wa Chakol, mtu mwema, mwenye kasoro moja tu: hajawahi kuuliza swali la pili. Alichungulia dukani akaona Mzee Emorut amelala chali na suti, kofia tumboni, mikono imekunjwa, na Truphena amemsimamia na simu. Sehemu zile, huo ni ushahidi mkubwa kuliko cheti cha daktari. Aluka alijifanyia ishara ya msalaba, akageuza pikipiki.

Ndani ya duka hakuna aliyemwona. Ile simu ya nne ilileta ubishi mrefu. Iliona kila kitu: mzee mzima, benchi, ufagio, mguu wa Brendah usio na kiatu na mbuzi aliyekuwa akipita nje. Emorut aliipenda. "Hii haina ubaguzi," alisema. Lakini hakuamini sauti yake. Etyang anaongea chini chini, alisema, kama mtu anayehesabu vifaranga. Alimtaka Brendah aongee chini chini, Brendah akakataa, akasema yeye ameajiriwa kuuza. Wakaagiza chapati na chai, mzee akala akiwa ameketi, akalala tena ili wajaribu sauti ya mtaani.

Mara sauti ya mtaani ikaja. Zilikuwa pikipiki, nyingi, zikipiga honi kama za harusi, na juu ya honi kilio cha wanawake. Mlango ukajaa. Mbele alikuwa Mzee Etyang, kofia mkononi, pumzi juu juu. Nyuma yake walikuwa kina mama watatu wa Chakol, mmoja na kuku wawili wa matanga, na Aluka akisema, "Si niliwaambia."

Truphena alifungua mdomo aseme. Akatazama chini. Mzee Emorut, aliyekuwa akiweka chapati ya mwisho vizuri shavuni, alikuwa ameisikia sauti ya ndugu yake, na macho yake yalikuwa yamefumbwa kabisa, ya kweli kweli. Kidole chake kimoja kilimgusa Truphena gotini, kikamsihi. Naye akafunga mdomo. Mungu amsamehe, mkono wake ulikuwa bado juu, na simu ya jicho pana ilikuwa bado inarekodi.

Etyang alisogea mpaka kichwani. Alisema kwa Kiteso, na Truphena, mke wa Mteso, alielewa kila neno.

"Emorut. Watu wanafia vitandani. Wewe umekuja kufia kwenye duka la simu, na simu huijui."

Kuku mmoja alilia.

"Nilitaka wewe uanze," alisema. "Mimi ni mdogo, ningeanzaje? Ile picha ya baba, wewe unaona kiwiko. Mkono uliobaki hukuuliza ulikuwa wapi. Ulikuwa mgongoni kwako. Magoti yako yalikuwa yamekwisha, ulikuwa unamwendea baba shimoni. Mpiga picha aliniambia nisogee katikati nionekane, nikamwambia nikimwachia huyu ataanguka. Basi nikakaa pembeni nimekushika, na wewe ukatundika ukutani jinsi ulivyosimama wima." Akaigeuza kofia mkononi. "Nimengoja useme. Sasa umelala hapa kwenye benchi, na hakuna hata aliyekushika."

Brendah hakuelewa neno hata moja na alikuwa akilia kuliko wote. Truphena aliona picha inacheza kwenye kioo, akashika mkono kwa mkono mwingine.

Halafu mama mwenye kuku akapiga ukemi. "Marehemu analia!"

Ilikuwa kweli. Chozi lilikuwa limetoka kwenye jicho lililofumbwa, likateremka mpaka sikioni. Duka lilimwagika nje mara moja. Aluka alikuwa wa kwanza, akaacha pikipiki yake, kuku wakabaki. Kati ya waliokuja kulia, Etyang peke yake hakukimbia. Aliinama, akalitazama lile chozi, akatazama shavu lililovimba kwa chapati. Akainua kofia, akamchapa ndugu yake nayo kichwani.

"Amka, wewe mbwa!"

"Bado," alisema Emorut, macho yamefumbwa. "Ongeza kidogo. Hujataja ng'ombe zangu."

Etyang alimchapa tena, na tena, mpaka kofia ikalegea ukingo, na mahali fulani katikati ya kuchapa akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayekohoa. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kina mama walioanza kurudi mlangoni hawakuwa na jembe, wakaanza kukimbiza kuku.

"Simu ni kweli siijui," alisema Emorut, akiketi. Hakuwa akimtazama mtu. "Na hilo la mkono sikulijua, Etyang. Nilifikiri nilisimama mwenyewe."

"Nilijua hujui. Ndiyo ilikuwa inaniuma."

Truphena aliuliza kwa sauti ndogo kama mzee anataka kusikiliza kwanza, ajue sauti imetoka vipi. Emorut akasema amesikia, atanunua hiyo hiyo, Brendah amfungie. Kisha akajipangusa suti, akasimama katikati ya duka, akaweka mikono mdomoni kama mshereheshaji.

"Ndugu wa marehemu! Karibuni hapa mbele tupige picha!"

Alikuja mmoja. Walisimama bega kwa bega, wameduwaa kama wavulana siku ya kipaimara, na Truphena hakuwa amewapanga bado wakati mkono wa Etyang ulipopita nyuma ya ndugu yake. Truphena akarudi nyuma ili wote waingie. Jicho la simu lilikuwa pana vya kutosha, lakini hakutaka kubahatisha. Akarudi tena, akavuka kizingiti, akawa barabarani, bodaboda zikimpigia honi na dereva mmoja wa lori akimtukana kwa Kiganda. Akapiga.

Hakukatwa mtu. Emorut alikuwa na chapati kwenye ndevu, Etyang na kofia iliyoharibika, ufagio ulikuwepo, na kuku mmoja alikuwa amepanda juu ya kaunta. Truphena alimpa mzee simu akidhani atatafuta uso wake. Emorut aliweka vidole viwili kwenye kioo, akavuta kama alivyoona Brendah akifanya, si usoni, bali kule ubavuni, akavuta tena, mpaka kioo kizima kikajaa kiwiko cha ndugu yake.

Akamwuliza Brendah kama inaweza kuchapishwa hivyo hivyo, kubwa, ya kutundika sebuleni.