Kumtoa Dada Sodoma

Kwetu Njombe ilijulikana kwamba Toronto ni Sodoma, na kwamba anayegeuka kutazama nyumbani anakuwa chumvi palepale. Ushahidi ulikuwepo: picha ya barabara ya huko, chumvi imemwagwa kandokando. Mimi, mwenye cheti changu cha kidato cha nne cha masomo ya jioni, niliamini yote. Rundo moja nililitambua kabisa kuwa mwanamke mnene.

Dada yangu Anjela alihamia huko, akakata mawasiliano na mama. Mama alipozidiwa na figo, akataka amwone kabla hajafa. Wazee wa usharika wakaongeza la kwao: aje, asimame mbele ya watu, atubu kuishi Sodoma, ndipo apokelewe. Nikatumwa.

Nilitua Februari. Baridi ile, ndugu zangu, jogoo akiwika sauti inadondoka kama kokoto! Nikaanza kuruka chumvi ya njiani.

“Unarukaruka nini, Zaka?” dada akauliza.

“Nisije nikamkanyaga mtu.”

Alicheka mpaka akaegemea gari. “Ni ya kuyeyusha barafu, mdogo wangu.”

Mtaani kwake Crescent Town, ghorofani, binti yake Upendo alinipa “Shikamoo mjomba”, yaliyobaki yote Kiingereza. Sebuleni walilala mke na mume kutoka Burundi.

“Ndugu zetu hawa?”

“Wageni. Hawakuwa na pa kulala.”

Wiki nzima nilitafuta dhambi za mji. Niliona watu waliotoka zamu wakisinzia kwenye lifti.

Jumapili, baada ya ibada, nikatoa ujumbe. Dada akaweka kikombe chini.

“Nitubu mimi? Mimba ya huyu Upendo ilipojulikana, mama alinifungia mlango kwa komeo, mvua inanyesha. Wewe ulikuwa kibaruani Makambako. Mwambie nitapanda ndege siku atakayosimama yeye kanisani aseme nani alifunga.”

“Dada, mama anakufa.”

“Nimesikia, Zaka. Kunywa chai.”

Nilirudi Njombe peke yangu. Mama alikuwa kitandani, miguu imevimba. Nikamweleza yote, bila kupamba hata neno, jambo ambalo si kawaida yangu.

“Na hii Sodoma ilitoka wapi, mama?”

“Kwangu. Watu waliuliza mtoto yuko wapi, nikasema amefuata dhambi za Wazungu. Wengine wakaongezea ya kwao.”

“Basi twende Jumapili ukaseme. Nitakubeba mgongoni.”

Akageukia ukutani.

“Hakufuata dhambi yoyote. Nilimfukuza mimi. Lakini kanisani sisemi.”