Kitufe cha Festus

Festus Nzau hutengeneza tovuti katika chumba kilicho nyuma ya duka la dawa za mifugo, mjini Machakos. Katika ufundi wake wote hakuna anachokipenda kama amri moja ya kompyuta: ile inayoiambia tovuti ingoje kwanza, ndipo itende. Huibandika kila mahali. Tovuti ya muuza matangi huzungusha kiduara muda mrefu, na nyuma ya kiduara hicho hakuna kazi yoyote inayofanyika.

"Kitu kikija haraka watu hukidharau," hutueleza sisi majirani, akiwa ameegemea kiti kama daktari bingwa.

Wavinya, mwenyekiti wa kikundi cha wachongaji wa Wamunyu, alimwamini. Alitaka wenye hoteli waone twiga wao wa mbao na kuagiza papo hapo. Festus akamwekea kitufe cha kuagiza. Ukikibonyeza, kimya. Baada ya sekunde kadhaa ndipo oda iondoke na neno la shukrani litokee.

Mama mmoja wa hoteli kule Syokimau akataka twiga ishirini. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena na tena, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Festus hakuwa ameiambia tovuti ifute agizo linalongoja likija jingine, kwa hiyo kila mbonyezo ulingoja zamu yake, kisha oda zote tano zikafika Wamunyu zikifuatana.

Wavinya alidhani hoteli ina matawi. Na Wamunyu oda hailazwi: mmoja alipasua magogo, mwingine akachonga shingo, kina mama wakashika msasa. Magogo makavu ya kikundi, yaliyowekwa kwa ajili ya msimu wa Krismasi, yakaisha yote. Gari la hoteli lilipokuja, likachukua ishirini likaenda.

Kesho yake Wavinya alikuwa mlangoni kwa Festus.

"Mwanangu, yule mama anasema aliagiza mara moja. Sisi tulipata mara tano. Ni nini?"

"Huyo mteja ako na haraka mbaya, mama. Nitaongeza sekunde, ajifunze kutulia."

"Ajifunze! Na magogo niyarudishe kwa mti?"

"Mama, ngoja kidogo nikueleze vile inafanya kazi..."

"Nimengoja ya kutosha. Sogeza hicho kiti."

Akaingiza magunia na kumwaga twiga sakafuni mpaka Festus akakosa pa kuweka miguu.

"Hawa ni wa kikundi. Utawauza wewe, na hicho kitufe chako. Sisi tunarudi kupokea oda kwa simu."

Krismasi ilipofika simu zililia, wateja wakitaka vinyago vingine, na Wavinya alizijibu zote vilevile: hakuna magogo.

Twiga bado wamejaa kwa Festus, wengine wamepangwa dirishani. Amewafungulia tovuti yao. Juzi niliifungua nione kama kuna alichojifunza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Nikaifunga.